Darubini ya bunduki ya uwindaji

Darubini ya bunduki ni chombo cha lenzi kinachofungwa juu ya bunduki ili mpigaji aione shabaha kwa ukubwa na kuilenga kwa usahihi. Ndani yake kuna alama, mara nyingi msalaba wa mistari myembamba, inayoonekana pamoja na shabaha. Mpigaji huiweka alama hiyo mahali anapotaka risasi ifike. Darubini za namna hii hutumiwa na wawindaji, askari wa wanyamapori, wanamichezo wa kulenga shabaha na wanajeshi. Makala hii inahusu darubini za uwindaji, hasa katika mazingira ya Tanzania, na namna ya kuchagua iliyo imara kwa bei ya wastani.

Darubini haiongezi nguvu ya risasi wala haimfanyi mpigaji asiyejua kulenga kuwa hodari. Kazi yake ni kuonyesha mahali risasi itakapofika, na kuonyesha palepale kila siku. Darubini isiyotunza shabaha humfanya mwindaji amjeruhi mnyama badala ya kumwua mara moja. Swala aliyepigwa tumboni anaweza kukimbia mbali na kufa kwa mateso mahali asipoonekana. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani na ni hatari kwa wanaomfuatilia, hasa wafuata nyayo wanaotangulia mbele. Kwa sababu hiyo uimara ni sifa ya kwanza ya darubini ya uwindaji, kabla ya ukubwa wa picha.

Historia

Kwa muda mrefu wawindaji walitumia vilengeo vya chuma, yaani kimoja karibu na mdomo wa mtutu na kingine nyuma karibu na jicho. Vilengeo hivyo vinatosha kwa umbali mfupi, lakini jicho hulazimika kuangalia vitu vitatu kwa pamoja: kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha yenyewe. Darubini iliondoa tatizo hilo kwa kuweka alama na shabaha katika picha moja.

Nchini Marekani William Malcolm wa Syracuse, New York, alianza kutengeneza darubini za bunduki mwaka 1855, na darubini za aina hiyo zilitumika katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya miaka 1861 hadi 1865. Huko Austria August Fiedler, aliyekuwa ofisa wa misitu, alitengeneza darubini iliyofaa kwa matumizi ya kawaida mwaka 1880. Mwaka 1898 Karl Robert Kahles alianzisha kampuni yake mjini Vienna.

Zamani darubini zilikuwa za watu wenye fedha. Hali ilianza kubadilika mwaka 1930, William R. Weaver wa Marekani alipoanza kuuza darubini ya bei nafuu. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Carl Zeiss huko Ujerumani aligundua njia ya kupaka lenzi utando mwembamba unaopunguza mwanga unaorudishwa na kioo. Mwaka 1947 kampuni ya Leupold ilitoa darubini iliyojazwa gesi ya nitrojeni ili isipate ukungu ndani. Mambo hayo mawili, utando wa lenzi na gesi kavu, leo hupatikana hata katika darubini za bei ya wastani.

Sehemu za darubini

Darubini ya kawaida ina sehemu zifuatazo:

- Lenzi ya mbele: hupokea mwanga kutoka kwenye shabaha.
- Lenzi ya jicho: iko upande wa mpigaji. Huzungushwa kidogo ili alama ya kulengea ionekane wazi kwa jicho la mtumiaji.
- Bomba: hushikilia lenzi zote. Kipenyo chake cha kawaida ni milimita 25.4 (inchi 1) au milimita 30.
- Alama ya kulengea: msalaba, au msalaba wenye mistari minene pembeni na myembamba katikati. Aina hii ya pili huonekana vizuri zaidi kichakani na jioni.
- Vifundo viwili vya kurekebishia: cha juu husogeza mahali pa kulenga juu au chini, na cha pembeni husogeza kulia au kushoto.
- Pete ya ukuzaji: hupatikana kwenye darubini yenye ukuzaji unaobadilika.
- Vishikizo: pete na vyuma vinavyoifunga darubini kwenye bunduki. Mara nyingi huuzwa peke yake.

Maana ya namba

Darubini hutambulishwa kwa namba. Iliyoandikwa 4×32 hukuza mara 4 na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 32. Iliyoandikwa 3-9×40 inaweza kukuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ni milimita 40. Kukuza mara 4 maana yake ni kwamba mnyama aliye umbali wa mita 100 huonekana kana kwamba yuko mita 25.

Ukuzaji mkubwa una gharama zake. Kwanza, eneo linaloonekana hupungua. Darubini ya 3-9×40 ikiwekwa kwenye 3 huonyesha upana wa takriban mita 11 kwa umbali wa mita 100. Ikiwekwa kwenye 9 huonyesha kama mita 4 hadi 5 tu. Mwindaji anayemtafuta pongo kati ya miti huweza kumkosa kabisa machoni. Pili, mtikisiko wa mikono huonekana mkubwa zaidi, na mpigaji huanza kuvuta kifyatulio kwa papara. Tatu, picha huwa na giza.

Giza hilo hupimwa kwa hesabu rahisi. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata kipenyo cha duara la mwanga linalofika jichoni. Kwa darubini ya 3-9×40:

- Kwenye ukuzaji wa 4: 40 ÷ 4 = milimita 10.
- Kwenye ukuzaji wa 9: 40 ÷ 9 = milimita 4.4.

Mboni ya jicho la mtu hupanuka jioni hadi milimita 5 au 7 hivi, na kwa wazee hupanuka pungufu ya hapo. Kwa hiyo alfajiri na magharibi, wakati swala wengi wanapotoka kula, duara la milimita 4.4 huanza kuwa dogo. Mwindaji anapaswa kupunguza ukuzaji ili picha iwe na mwanga.

Ubora wa lenzi

Kila uso wa kioo kisichopakwa utando hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Darubini yenye nyuso 10 za kioo kama hicho hubakiza kama theluthi mbili tu ya mwanga ulioingia. Utando mzuri hupunguza hasara hiyo sana. Ndiyo maana darubini yenye lenzi ya milimita 40 iliyopakwa vizuri inaweza kuwa na picha bora kuliko yenye lenzi ya milimita 50 iliyotengenezwa kwa urahisi. Lenzi kubwa pia huongeza uzito na hulazimisha darubini ikae juu zaidi ya mtutu, hivyo shavu la mpigaji hukosa mahali pa kutulia kwenye kitako.

Nafasi kati ya jicho na lenzi

Bunduki inapofyatuliwa hupiga teke kuelekea nyuma. Jicho likiwa karibu mno, ukingo wa darubini humkata mpigaji kwenye nyusi. Darubini nyingi za uwindaji hutoa picha kamili jicho likiwa sentimita 7.5 hadi 10 kutoka kwenye lenzi. Kwa bunduki zenye teke kali, kama zile za risasi ya .375 H&H Magnum zinazotumiwa sana kwa nyati, inafaa kuchagua darubini yenye nafasi ya sentimita 9 au zaidi. Kipimo hiki huandikwa kwenye karatasi inayokuja na darubini.

Kuchagua kwa mazingira ya Tanzania

Vitabu vingi kuhusu darubini vimeandikwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kuwinda kulungu wa huko, yaani wanyama wa familia ya Cervidae, ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili humjua mmoja wao kwa jina la ayala. Wanyama hao si wa asili ya Afrika Mashariki. Katika sehemu nyingine jina kulungu hutumiwa kwa pongo, ambaye ni jamii ya swala. Wanaowindwa Tanzania kwa leseni ni pamoja na swala pala, pongo, tohe, kongoni, kuro, pofu, ngiri na nyati.

Tofauti hiyo ina maana kwa mnunuzi. Sehemu kubwa ya maeneo ya uwindaji ya Tanzania ni misitu ya miombo na vichaka, ambako mnyama huonekana kwa umbali mfupi, mara nyingi chini ya mita 150. Swala pala ana uzito wa kilo 40 hadi 75, na eneo la moyo na mapafu yake ni duara la sentimita 15 hivi. Kwa umbali huo ukuzaji wa mara 4 unatosha. Darubini za kukuza mara 16 au 24 zimekusudiwa kulenga karatasi kwa mbali au kuwinda kwenye milima na nyanda zilizo wazi.

Mwongozo wa jumla ni huu:

- Vichakani na kwa nyati: ukuzaji wa 1 hadi 4, au 1.5 hadi 6. Kwenye namba ya chini mpigaji huona eneo pana na huweza kulenga haraka.
- Miombo na matumizi ya jumla: 4×32 isiyobadilika, 2-7×32 au 3-9×40.
- Mbuga zilizo wazi: 3-9×40 inatosha kwa mwindaji wa kawaida.

Kwa mtu mwenye fedha kidogo, darubini ya ukuzaji mmoja usiobadilika, kama 4×32 au 4×36, ina faida. Sehemu zake zinazosogea ni chache, hivyo kwa bei ileile mtengenezaji anaweza kuweka lenzi bora na muundo imara zaidi. Wahenga walisema rahisi huwa ghali, na usemi huo unafaa kwa darubini yenye namba nyingi kwa bei ya chini. Darubini inayodaiwa kukuza mara 6 hadi 24, yenye taa ndani na lenzi ya milimita 50, ikiuzwa kwa bei ndogo kuliko 4×32 ya kampuni inayojulikana, basi kuna kitu kilichopunguzwa ndani yake ambacho mnunuzi hakioni.

Mambo yanayostahili kulipiwa ni manne: kutunza shabaha baada ya teke la bunduki, lenzi zilizopakwa utando, bomba lililofungwa lisipitishe maji, na nafasi ya kutosha ya jicho. Mambo yanayoweza kuachwa ni ukuzaji mkubwa, alama zenye mistari mingi na taa ya ndani. Fedha zinazobaki ziende kwenye vishikizo imara na risasi za mazoezi.

Kupima kabla ya kununua

Mnunuzi anaweza kufanya majaribio yafuatayo bila kufyatua risasi:

1. Aangalie ndani kuelekea mahali penye mwanga, kamwe si kuelekea jua, maana lenzi hukusanya mwanga na huweza kupofusha jicho. Atafute vumbi, mikwaruzo au nyuzinyuzi za kuvu.
2. Aangalie kitu chenye ukingo ulionyooka, kama nguzo ya umeme. Ukingo usipinde wala usiwe na rangi nyingi pembeni.
3. Azungushe vifundo vya kurekebishia. Kila hatua isikike na kuhisiwa sawasawa.
4. Azungushe pete ya ukuzaji mwanzo hadi mwisho huku akitazama kitu kimoja kilicho mbali, darubini ikiwa imeegemezwa. Alama ikihama kutoka kwenye kitu hicho, darubini haifai.
5. Asogeze jicho kidogo kushoto na kulia. Alama ikionekana kutembea sana juu ya kitu kilicho umbali wa mita 100 hivi, kulenga kutakuwa na makosa.
6. Alinganishe namba, maandishi na karatasi ya dhamana. Darubini bandia zenye majina ya kampuni kubwa zipo sokoni.

Darubini iliyokwisha kutumika inaweza kuwa chaguo zuri ikipita majaribio hayo. Alama za pete kwenye bomba si tatizo, lakini bomba lililobonyea ni tatizo.

Kufunga na kulinganisha

Mara nyingi darubini hulaumiwa kwa kosa la vishikizo. Skrubu zilizolegea huifanya darubini isogee kila bunduki inapopiga teke. Vishikizo vinapaswa kuwa vya kipenyo cha bomba, yaani inchi 1 au milimita 30, na vya aina inayolingana na bunduki husika. Skrubu hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, bila kutumia nguvu nyingi inayoweza kuponda bomba.

Baada ya kufunga, darubini hulinganishwa na bunduki kwa kupiga shabaha ya karatasi, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Kazi hii hufanyika kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, si shambani wala nyuma ya nyumba. Ni vyema kuanza kwa mita 25 na kumalizia kwa mita 100.

Vifundo vya darubini nyingi husogeza mahali pa kulenga kwa robo ya dakika ya pembe kwa kila hatua. Dakika ni sehemu ya 60 ya digrii moja. Kwa umbali wa mita 100, dakika moja ni milimita 29, hivyo hatua moja ni kama milimita 7. Tuchukue mfano: risasi tatu zimekusanyika sentimita 5 chini na sentimita 3 kushoto mwa katikati ya karatasi.

- Kupandisha: milimita 50 ÷ 7 = hatua 7 hivi juu.
- Kusogeza kulia: milimita 30 ÷ 7 = hatua 4 hivi.

Kwa umbali wa mita 50, hatua moja husogeza nusu tu ya kiasi hicho, kwa hiyo hatua zinazohitajika ni mara mbili. Marekebisho hufanywa kwa kuangalia mkusanyiko wa risasi tatu au zaidi, wala si risasi moja.

Jaribio la uaminifu hufuata. Mpigaji hupiga risasi, kisha husogeza hatua 20 juu, 20 kulia, 20 chini na 20 kushoto, akipiga risasi kila mara huku akilenga mahali palepale. Matundu yanapaswa kuunda mraba, na risasi ya mwisho irudi karibu na ya kwanza. Darubini isiyorudi mahali pake haifai kupelekwa porini. Bunduki hupimwa tena baada ya safari ndefu ya barabara mbaya au baada ya kuanguka.

Utunzaji

Katika ukanda wa pwani, kuanzia Bunju na Kunduchi hadi Kigamboni, unyevu na hewa ya chumvi ni adui wa lenzi. Kuvu huota kwenye kioo kama nyuzi za buibui na hula utando wake. Darubini isihifadhiwe kwa muda mrefu ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa, kwa sababu mfuko hushika unyevu. Ihifadhiwe mahali pakavu pamoja na vifuko vya chembe za kunyonya maji, navyo vikaushwe au vibadilishwe mara kwa mara. Vumbi lipulizwe au liondolewe kwa brashi laini kwanza, kisha lenzi ifutwe kwa kitambaa safi cha lenzi. Kufuta vumbi kwa pindo la shati hukwaruza utando.

Usalama

Darubini ya bunduki haipaswi kutumiwa kutafuta wanyama wala kutambua mtu aliye mbali. Anayetazama kupitia darubini hiyo ameelekeza mtutu kwenye kile anachokitazama. Porini kuna wafuata nyayo, warina asali, wachungaji na wanaotafuta kuni. Kwa kazi ya kutafuta hutumika darubini ya mkononi yenye macho mawili, na bunduki huinuliwa baada ya mnyama kutambuliwa wazi na nyuma yake kuonekana hakuna mtu.

Sheria

Nchini Tanzania umiliki wa bunduki husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hutolewa kupitia Jeshi la Polisi. Anayetaka kununua au kuingiza darubini kutoka nje anashauriwa kuuliza kwanza kwa mamlaka hiyo.

Uwindaji husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) husimamia mapori ya akiba na maeneo mengine ya wanyamapori yaliyo nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro. Kuwinda bila leseni ni kosa, hata katika pori lililo karibu na makazi kama Pori la Akiba Pande upande wa Mabwepande. Kuwinda usiku na kumulika wanyama kwa taa ni mwiko, kwa hiyo darubini za kuonea gizani, ambazo bei yake ni kubwa, hazimfai mwindaji wa halali. Katika uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na ada yake hulipwa.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Tanzania ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973 na kuuruhusu tena mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na katazo hilo linaendelea. Nchini Uganda uwindaji wa kitalii ulirejeshwa kwa majaribio mwaka 2001 karibu na Hifadhi ya Ziwa Mburo.